Kasarani 2002: Siku KANU Ilipopitisha Bila Kuhesabu

Jumatatu ya tarehe 18 Machi 2002, matatu yetu ya namba 45 ilikwama Barabara ya Thika. Barabara hiyo haikuwa hii ya sasa yenye madaraja ya juu. Ilikuwa nyembamba, na asubuhi hiyo ilikuwa imezibwa na mabasi ya wajumbe wa KANU, chama tawala cha wakati huo, kutoka kila pembe ya nchi, yote yakielekea uwanja wa Kasarani. Nilifika mjini kazi imeshaanza.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mmoja wa wajumbe hao. Usiku wa kuamkia siku hiyo alilala kwetu Githurai, chumba kimoja, sisi vijana tukajitandikia sakafuni. Alfajiri alipiga shati lake pasi ya makaa, kisha akapachika kalamu mbili mfukoni, ili moja ikikauka iwepo nyingine. Alijua chama kinachagua viongozi, na mtu anayekwenda kupiga kura haendi bila kalamu. Aliporudi usiku nilimuuliza, “Mjomba, umempigia nani?” Alivua viatu kwanza. Kisha akaniambia hawakupiga kura, wamepitisha. Kalamu zote mbili zilikuwa bado mfukoni.

Neno hilo, kupitisha, limenikaa kichwani kwa zaidi ya miaka 20. Siku hizi nikisoma habari za mkutano wa wajumbe wa chama chochote pale Bomas au Ngong Racecourse, kitu cha kwanza ninachotafuta ni kama watu walihesabiwa. Moi aliyekuwa Rais, Kibaki, Saitoti, Kamotho na Raila wote wametangulia mbele za haki, kwa hiyo naona kisa cha Kasarani kinaweza kuelezwa sasa bila kumtetea mtu wala kumlipizia mtu kisasi. Na kinafaa kuelezwa, kwa sababu sijaona kingine kinachoonyesha waziwazi jinsi uongozi wa chama na uongozi wa nchi hii ulivyofungwa kamba moja.

Tuanze na Serikali yenyewe ilivyokuwa. Katiba ya zamani ilimwachia Rais kisu na mpini wake. Makamu wa Rais aliteuliwa na Rais kutoka miongoni mwa mawaziri, akafutwa na Rais huyohuyo siku yoyote bila mtu mwingine kuulizwa. Mawaziri walitoka Bungeni, basi mbunge aliyetamani bendera kwenye gari lake alijua ni mlango gani wa kubisha. Hata tarehe ya uchaguzi ilikuwa mkononi mwa Rais, kwa kuwa ndiye aliyevunja Bunge. Moi mwenyewe alipenda kuiita silaha yake ya siri. Kitu kimoja tu kilimfunga. Marekebisho ya mwaka 1992 yaliweka kikomo cha vipindi viwili vya miaka 5. Alishinda 1992, akashinda 1997, na mwaka 2002 alipaswa kwenda nyumbani baada ya miaka 24 Ikulu.

Yeyote atakayeishika KANU ndiye aliyetarajiwa kuirithi Ikulu. Kwa hiyo mkutano wa chama ulikuwa na uzito kuliko vikao vingi vya Bunge.

Moi alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu zake hazikuwa za kitoto. Mwaka 1992 alishinda urais kwa takriban asilimia 36 ya kura, na mwaka 1997 kwa takriban asilimia 40. Mara zote mbili wengi walimkataa, lakini wengi hao waligawana vipande vipande: Matiba huku, Kibaki huku, Jaramogi, kisha Raila, Wamalwa, Ngilu. Bungeni mambo yalikuwa membamba vilevile, kwa maana uchaguzi wa 1997 uliipa KANU viti 107 kati ya 210 vya kuchaguliwa. Chama cha NDP cha Raila Odinga kilikuwa na viti 21. Ushirikiano wa KANU na NDP ulianza polepole mwaka 1998, na Juni 2001 Raila akaingia Baraza la Mawaziri kama Waziri wa Kawi. Kasarani ndiko ndoa hiyo ilikofungwa rasmi: NDP ikavunjwa, watu wake wakaingia KANU. Ukijumlisha asilimia 40 za Moi na asilimia 11 hivi alizopata Raila 1997, unavuka nusu. Kwenye karatasi hesabu hiyo ilikuwa sawa kabisa.

Ila ilisimama juu ya dhana moja, kwamba kura za watu ni mali ya kiongozi wao, na kiongozi akihama anazibeba kama mtu anavyobeba godoro.

Sasa ndani ya ukumbi. Aliyekuwa na haki ya kutarajia urithi kuliko wote ni Profesa George Saitoti. Alikuwa Makamu wa Rais tangu 1989, na ndani ya chama pia alikuwa naibu wa Moi. Alikuwa amevumilia mengi. Baada ya uchaguzi wa 1997 Moi hakumteua tena, kiti kikabaki wazi kwa zaidi ya mwaka mzima, hadi Aprili 1999 alipomrudishia kwa tangazo la kando ya barabara. Kumfukuza hadharani mbele ya wajumbe kungezua vurugu. Basi kilichofanyika ni kubadilisha katiba ya chama. Moi akawa mwenyekiti wa kitaifa, na chini yake pakawekwa manaibu wanne: Uhuru Kenyatta, Kalonzo Musyoka, Musalia Mudavadi na Katana Ngala. Mmoja wa Kati, mmoja wa Mashariki, mmoja wa Magharibi, mmoja wa Pwani. Raila akapewa ukatibu mkuu, kiti alichokuwa amekikalia Joseph Kamotho tangu 1989. Saitoti hakuwa kwenye orodha. Alisimama akawaambia wajumbe kwamba hufika wakati nchi ikawa muhimu kuliko mtu mmoja, akajiondoa. Mikono ikainuliwa, orodha ikapita.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana kiti kilichokatwa vipande vinne kilikuwa na mtangulizi wake. Machi 1966 KANU ilifanya mkutano wa wajumbe kule Limuru, mwendo wa saa moja kutoka Nairobi. Wakati huo naibu wa Mzee Jomo Kenyatta katika chama alikuwa Jaramogi Oginga Odinga, na waliotaka aondoke hawakumfukuza. Walifuta nafasi ya naibu mmoja wa kitaifa, wakaunda manaibu wanane, mmoja kwa kila mkoa na mmoja wa Nairobi. Jaramogi aliingia Limuru akiwa wa pili katika chama, akatoka hana kiti. Mwezi uliofuata alijiuzulu umakamu wa Rais akaongoza chama kipya cha KPU.

Mwaka 2002 dawa ileile ilitolewa tena kabatini, Raila, mtoto wa Jaramogi, akiwa safari hii upande wa waliofaidika. Ugawaji wa nafasi ni njia ya kumfukuza mtu bila kumfukuza, na una kivutio chake: watu wanne wanafurahi, mmoja anaumia, na kila mkoa unaona umekumbukwa. Kasoro yake ni kwamba wanne hao kila mmoja anaondoka akiamini urithi ni wake. Hakuna kura iliyowapanga nani wa kwanza na nani wa nne. Kalonzo aliamini. Mudavadi aliamini. Raila, aliyevunja chama chake mwenyewe ili aingie humo, naye alikuwa na matumaini yake.

Miezi minne tu ikapita. Mwishoni mwa Julai 2002 Moi alitangaza kwamba chaguo lake ni Uhuru Kenyatta.

Uhuru alikuwa na umri wa miaka 40. Mwaka 1997 alikuwa amegombea ubunge wa Gatundu Kusini akashindwa. Mwaka 1999 aliwekwa kuongoza bodi ya utalii, Oktoba 2001 akaingia Bungeni kwa kuteuliwa, na mwezi uliofuata akawa Waziri wa Serikali za Mitaa. Ukizitazama tarehe hizo kwa utulivu, unaona mtu aliyepandishwa ngazi akiwa ameshikwa mkono. Sisemi hakuwa na uwezo. Baadaye alichaguliwa Rais. Nasema kwamba kufikia Julai 2002 hakuwa amewahi kushinda uchaguzi wa ubunge wala kura ya wajumbe wa kitaifa wa KANU. Mtaani watu walimwita mradi wa Moi, na jina lilimganda.

Je, Moi alikosea kumpenda Uhuru? Wachambuzi wengi huanzia hapo, na mimi naona wanaanzia pabaya. Kiongozi anayestaafu ana haki ya kuwa na mtu wake. Kosa lilifanyika mapema zaidi, siku ya kalamu za mjomba. Chama kilikuwa kimewakusanya maelfu ya wajumbe chini ya paa moja, watu wanaojua kila kijiji kinasema nini. Wangepewa karatasi, hata Moi mwenyewe angeona kwa namba nani ana mizizi wapi. Angeona Saitoti ana wangapi, Kalonzo ana wangapi, na Uhuru nje ya Kati ana wangapi. Kura ya ndani ya chama ni kama kipimo cha malaria: unaweza kuchukia majibu, lakini bora uyapate zahanati kuliko kuyapata ukiwa umeanguka njiani. Mkono ulioinuliwa ilhali mwenyekiti anakutazama haupimi kitu.

Na KANU ilikuwa imepewa onyo hilo zaidi ya mara moja. Mwaka 1988 uteuzi wa wagombea ulifanywa kwa mlolongo, wapiga kura wakipanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake, na aliyetangazwa kuvuka asilimia 70 alipita moja kwa moja bila uchaguzi wa Bunge. Mistari mifupi ilitangazwa mirefu watu wakiwa wamesimama wanaona. Mwisho wa mwaka huo Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri akilalamikia wizi katika uchaguzi wa matawi ya chama, na miaka mitatu baadaye alikuwa mmoja wa nguzo za FORD, kundi la upinzani. Mwai Kibaki aliyeteremshwa kutoka umakamu wa Rais mwaka huohuo wa 1988 aliondoka Desemba 1991 akaanzisha chama cha DP. Desemba hiyohiyo wajumbe walikusanyika hapohapo Kasarani. Msemaji baada ya msemaji akalaani mfumo wa vyama vingi, kisha Moi akasimama na kusema kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kifutwe, na ukumbi uliokuwa ukilaani ukakubali. Mwenye kuuliza ukumbi wa namna hiyo anajibiwa na sauti yake mwenyewe.

Turudi Agosti 2002. Waliokataa uamuzi wa Moi walijiita Rainbow: Raila, Kalonzo, Saitoti, Kamotho, na mwanzoni Mudavadi na Ngala pia. Walizunguka nchi wakihutubia mikutano dhidi ya mgombea wa chama chao huku wakiwa bado wanachama, wengine bado mawaziri. Tarehe 30 Agosti Moi alimfuta Saitoti. Mudavadi na Ngala wakarudi kwa Uhuru.

Vijana wakiniuliza leo, huuliza hivi: kama walishakataa, kwa nini hawakuhama siku hiyohiyo? Jibu liko kwenye sheria, na ndiyo sehemu ya kisa hiki inayonisisimua zaidi. Jaramogi alipoondoka KANU mwaka 1966 akifuatwa na wabunge, Katiba ilirekebishwa haraka, kwamba mbunge akijiuzulu kutoka chama kilichompeleka Bungeni, kiti chake kinakuwa wazi. Walioondoka walilazimika kurudi kwa wapiga kura Juni mwaka huo, na KPU ikabaki na viti 9. Sharti hilo lilikaa ndani ya kifungu cha 40 cha Katiba ya zamani miaka yote iliyofuata. Mwaka 2002 Raila na wenzake wangehama Agosti, wangepoteza ubunge na uwaziri kwa pamoja, Bunge likiwa na miezi ya kuishi. Kwa hiyo walikaa ndani ya nyumba wakigombana na mwenye nyumba, wakisubiri kuvunjwa kwa Bunge. Ukuta uliojengwa kumzuia baba ndio uliopanga kalenda ya mwana.

Kikwazo cha pili kilikuwa cha usajili. Mgombea binafsi hakuruhusiwa. Ukitaka kugombea udiwani, ubunge au urais, lazima chama kikupe tiketi. Na kusajili chama kipya wakati wa joto la uchaguzi, Serikali ikiwa ndiyo unayopigana nayo, haikuwa njia ya kutegemea. Waasi wakaingia chama kidogo kilichokuwa na cheti tayari, LDP. Ndiyo maana tangu zamani hapa Nairobi kuna vyama vya mfukoni, ambavyo havina wanachama wa kujaza matatu moja lakini vina cheti. Cheti hicho kinaweza kukaa kwenye droo miaka 5, kisha wiki moja kikawa na thamani kubwa.

Jumatatu ya tarehe 14 Oktoba 2002 mji ulikuwa na mikutano miwili. Kasarani, wajumbe wa KANU walimpitisha Uhuru kuwa mgombea urais, bila mpinzani. Uhuru Park, chini ya Upper Hill, umati ulikuwa umejaa hadi kwenye miteremko, na Raila akainua mkono wa mzee aliyekuwa ameshindwa mara mbili na kusema Kibaki tosha. Nilikuwa Uhuru Park. Nilisimama mbali, karibu na Barabara Kuu ya Kenyatta, na sikumwona Kibaki wala Raila. Niliwaona watu waliowatazama. Mzee mmoja mbele yangu alikuwa amevaa koti zito la mvua ingawa kulikuwa na jua. Neno “tosha” lilipotufikia kwa mawimbi, mstari mmoja ukiupokeza mwingine, alivua kofia akaiweka kifuani, akabaki hivyo. Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Lakini nikitaka kuwa mkweli lazima niseme na hili. Pale Uhuru Park pia hatukuhesabiwa. Kibaki alikuwa amekubaliwa na wenzake wa muungano wa upinzani wa NAK, Wamalwa na Ngilu, na hilo lilifanywa kwa mazungumzo. Upande wa Rainbow kulikuwa na wengine waliotaka tiketi, na wengi wao walilisikia neno tosha wakati uleule tuliolisikia sisi. Baadaye viongozi walitia saini mkataba wa maelewano wa kugawana vyeo, pamoja na nafasi ya waziri mkuu ambayo haikuwamo katika Katiba. Wapiga kura hawakuonyeshwa karatasi hiyo. Tulikuwa tumechoka na KANU kiasi kwamba hatukuuliza.

Moi alivunja Bunge tarehe 25 Oktoba. Mwanzoni mwa Novemba alimteua Mudavadi kuwa Makamu wa Rais. Tarehe 27 Desemba nchi ikapiga kura, na hapa hatimaye kila mtu akahesabiwa: Kibaki takriban asilimia 62, Uhuru takriban asilimia 31. NARC, muungano wa NAK na LDP, ilipata viti 125 vya kuchaguliwa, KANU 64. Mudavadi, Makamu wa Rais akiwa ofisini, alishindwa katika kiti chake cha Sabatia. Tarehe 30 Desemba Kibaki aliapishwa Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu ya ajali ya barabarani, na Moi akakabidhi madaraka. Hilo la mwisho nampa heshima yake yote. Alikuwa na jeshi, polisi na hazina, akakubali hesabu.

Asilimia 62 zile ndizo namba ambazo wajumbe wa Kasarani wangeweza kumnong'oneza Machi. Mjomba aliniambia baadaye kwamba katika basi lao la kurudi nyumbani, karibu kila mtu alikuwa akimhurumia Saitoti. Walimhurumia ndani ya basi na kuinua mikono ndani ya ukumbi. Sidhani ni unafiki. Mjumbe wa KANU alikuwa na ombi la barabara wilayani kwake, la mtoto anayetafuta kazi Serikalini, la shamba lenye mgogoro. Chama na Serikali vilikuwa mwili mmoja kiasi kwamba KICC, jengo refu tunalolionyesha wageni, lilikuwa mikononi mwa KANU mpaka Serikali ya NARC ilipolichukua mapema 2003. Mtu hapingi mwenye nyumba akiwa amekalia kiti chake.

Yaliyowapata NARC hayahitaji kurasa nyingi. Mkataba uliotiwa saini bila umma kuuona ulikanwa na upande mmoja na kudaiwa na mwingine. Mawaziri wa Serikali moja walipigana hadharani, na kura ya maoni ya rasimu ya katiba ya tarehe 21 Novemba 2005 ikawagawa, Ndizi (Ndiyo) na Chungwa (Hapana). Chungwa ilishinda kwa takriban asilimia 58, Kibaki akavunja Baraza lote la Mawaziri, na chungwa hilo likawa chama, ODM. Pale pia upinzani ulitoka chumbani mwa chama tawala, kama KPU ilivyotoka Limuru, FORD na DP zilivyotoka kwenye machungu ya mlolongo, na LDP ilivyotoka Kasarani. Ukitaka kujua upinzani wa kesho wa nchi hii utaongozwa na nani, tazama ni nani leo ananyimwa kiti ndani ya chama cha Rais.

Katiba ya 2010 ilijifunza sehemu ya somo hilo. Bunge lina siku yake ya kwenda kwa wapiga kura, Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na silaha ya siri haipo tena. Mgombea binafsi anaruhusiwa. Waziri hawezi kuwa mbunge, na ofisa wa Serikali wa kuteuliwa haruhusiwi kushika wadhifa katika chama. Naibu wa Rais huchaguliwa kwa tiketi moja na Rais, kwa hiyo hafutwi kwa tangazo. Mwaka 2024 Rigathi Gachagua alipoondolewa, ilibidi Bunge la Taifa lipige kura tarehe 8 Oktoba, zaidi ya 280 dhidi ya 44, kisha Seneti iketi kama mahakama, na hata baada ya hapo kesi zikaendelea. Unaweza kuuona uamuzi ule kuwa wa haki au wa kuonea, lakini majina ya waliopiga kura yako kwenye kumbukumbu za Bunge. Kwa Saitoti haikuhitajika kura ya mtu yeyote.

Sehemu ambayo haijapona ni ya chama chenyewe. Katiba, kifungu cha 91, inataka kila chama kiwe na uongozi uliochaguliwa kidemokrasia. Tuna Msajili wa Vyama, tuna Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama, na vyama vinavyohitimu vinapata pesa za umma. Bado mikutano ya wajumbe inaanza na orodha iliyoandaliwa usiku uliotangulia na kwisha kwa kauli moja. Chama cha Jubilee kilipopasuka mwaka 2023, kila upande ulikuwa na wajumbe wake, mihuri yake na barua zake kwa Msajili, na Uhuru, aliyepitishwa Kasarani akiwa na miaka 40, alikuwa Ngong Racecourse mwezi Mei akikitetea chama alichokiongoza. Mizozo hiyo huamuliwa na mawakili kwa kuangalia nani aliitisha mkutano kwa notisi ya siku ngapi. Wanachama wenyewe wanataka nini ni swali ambalo mawakili hawawezi kulijibu, maana hakuna aliyewahesabu.

Mapema mwaka 2005, KANU ikiwa nje ya Serikali kwa mara ya kwanza tangu uhuru, wajumbe walirudi Kasarani kuchagua viongozi. Uenyekiti uligombewa na watu wawili, Uhuru Kenyatta na Nicholas Biwott, kura zikapigwa, Uhuru akashinda. Mjomba alikuwa ameacha ujumbe na kurudi kwenye shamba lake la mahindi. Nilimpigia simu jioni hiyo kumweleza, nikidhani atauliza nani ameshinda. Aliuliza wa pili alipata ngapi.